MFAHAMU CHENENE KABLA YA KUMWAGA DAWA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Kirumba, mwambao wa Ziwa Victoria na visiwa vyake

Kila mwaka mvua za vuli zinapoanza kulainisha ardhi, mlio mmoja mzito usiokatika husikika jioni kutoka kwenye bustani za mboga, kingo za mitaro na viwanja vya nyasi vilivyo karibu na ziwa. Huanza muda mfupi baada ya jua kuzama na kunyamaza ghafla mtu anapokaribia. Wapo wanaodhani kuwa ni chura, na wapo wanaodhani kuwa ni nyenje wa kawaida aliyejificha majanini. Asubuhi inayofuata mwenye bustani hukuta udongo wa tuta umeinuka kwa mistari iliyopindapinda, na baadhi ya miche ya mchicha au nyanya imelegea na kulala. Mara nyingi jambo la kwanza analolifikiria ni dawa ya kuua wadudu.

Maelezo haya yanatolewa ili wananchi wamfahamu mdudu huyo, waweze kutambua dalili zake, na wajue hatua zinazofaa kuchukuliwa katika eneo ambalo shamba, makazi, maji ya kunywa na samaki havitenganishwi na umbali mkubwa.

CHENENE NI MDUDU GANI

Jina la mdudu huyo kwa Kiswahili sanifu ni chenene. Asichanganywe na senene, ingawa majina yao yanakaribiana na wote wawili huonekana usiku chini ya taa wakati wa mvua. Senene ni mdudu wa nyasini, mwenye rangi ya kijani au ya kahawia, miguu mirefu ya nyuma na vipapasio virefu vyembamba. Ndiye anayependwa sana kuliwa katika Mkoa wa Kagera na sehemu nyingine za mwambao wa ziwa. Chenene ni mdudu wa ardhini. Hata hivyo hao wawili ni wa ukoo mmoja mpana, pamoja na panzi, nzige na nyenje.

Katika sayansi, chenene wa Afrika huitwa Gryllotalpa africana. Jina la kwanza limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya nyenje na fuko, na kwa hakika linamweleza vizuri: ni nyenje aliyechukua maisha ya fuko. Jina hilo lilitolewa mwaka 1805 na mwanasayansi Mfaransa Palisot de Beauvois, kutokana na wadudu waliokusanywa Afrika ya Magharibi. Kwa muda mrefu chenene wanaoharibu mpunga na bustani katika nchi za Asia nao walikuwa wakiitwa kwa jina hilo hilo la Afrika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1983 ulionyesha kuwa wale wa Asia ya Mashariki ni aina nyingine, ambayo sasa huitwa Gryllotalpa orientalis. Jambo hili linafaa kukumbukwa na maafisa ugani wanaposoma vitabu vya zamani, kwa kuwa maelezo mengi yaliyoandikwa humo kuhusu chenene wa Afrika yalihusu nduguye wa Asia.

UMBILE LAKE

Chenene mkubwa ana urefu wa sentimita 2.5 hadi 3.5. Rangi yake ni ya kahawia, na mwili umefunikwa na vinyweleo vifupi laini kama mahameli. Vinyweleo hivyo huzuia udongo na maji yasimgande, na ndiyo sababu chenene anayetolewa kwenye tope huonekana mkavu na safi. Akitumbukia majini anaweza kuogelea hadi nchi kavu.

Sehemu inayomtambulisha zaidi ni miguu ya mbele. Ni mifupi, minene na mipana, yenye meno manne magumu mithili ya vidole vya koleo. Kwa miguu hiyo husukuma udongo pembeni, kisha huukandamiza kwa kifua chake kigumu kinachofanana na gamba la yai. Miguu ya nyuma haikukua kama ile ya panzi, na kwa hiyo chenene hawezi kuruka kwa kujirusha ipasavyo. Masikio yake hayako kichwani, bali yako kwenye miguu hiyo hiyo ya mbele, chini kidogo ya goti, kama ilivyo kwa nyenje wengine.

Mbawa za juu ni fupi na hufunika nusu tu ya tumbo. Mbawa za chini ni pana, lakini hukunjwa kwa urefu hadi zikaonekana kama mkia mwembamba unaopita ncha ya mwili. Chenene mzima huruka usiku, hasa baada ya mvua, na hapo ndipo anapovutwa na taa za barabarani, za maduka na za vibaraza vya nyumba. Wale waonekanao asubuhi chini ya nguzo za taa, au wametumbukia katika ndoo na mapipa ya maji, wamefika hapo kwa kuruka.

Wananchi wengine humwogopa kwa sura yake. Inafaa ieleweke kwamba chenene hana sumu wala mwiba. Akishikwa kiganjani husukuma kwa nguvu ya kushangaza kujaribu kujipenyeza kati ya vidole, na akibanwa anaweza kutoa majimaji yenye harufu mbaya kutoka nyuma ya mwili. Hayo ndiyo yote anayoweza kumfanyia mtu.

MAISHA YAKE CHINI YA ARDHI

Chenene hupenda udongo mwepesi wenye unyevu. Sehemu kubwa ya mwambao wa Mwanza ina udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa mawe makubwa ya matale yanayouzunguka mji, udongo ambao wakulima wa Kisukuma huuita luseni. Udongo wa namna hiyo ukipata maji huchimbika kwa urahisi. Udongo mweusi wa mbuga, ambao hukauka na kuwa mgumu kama tofali, haumfai wakati wa kiangazi, lakini unapolowa naye huweza kuingia.

Mdudu huyu huchimba njia za aina mbili. Ya kwanza ni ile inayopita karibu sana na uso wa ardhi, ambayo huinua udongo na kufanya tuta dogo jembamba lenye upana wa kidole. Hiyo ndiyo njia ya kutafutia chakula, na hutumika usiku. Ya pili hushuka chini zaidi na humpa mahali pa kupumzika mchana, pa kukimbilia adui na pa kujificha wakati wa ukame. Watafiti wa Marekani wameona kuwa chenene wa huko wanaweza kuchimba hadi mita 6 za njia za juu kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo eneo lililojaa mistari halina lazima ya kuwa na wadudu wengi. Pengine ni kazi ya wachache tu.

Unyevu ndio unaoongoza mienendo yake. Ardhi inapokauka hushuka chini na dalili zake hutoweka. Mvua inaponyesha, au mtu anapomwagilia, hupanda juu. Kwa hali hiyo bustani inayomwagiliwa katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, huwa kama kisiwa chenye unyevu katikati ya ardhi kavu, na si ajabu chenene wa jirani wakakusanyika hapo. Maji yanapozidi na kufunika ardhi, wadudu hawa huhamia sehemu zilizoinuka. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kawaida mwaka 2020, na tena mwaka 2024, yakafunika kingo nyingi za ziwa. Hali ya namna hiyo inapotokea, wenye bustani za juu kidogo ya ufuko hawana budi kutazamia wageni kutoka chini.

MLIO NA BARAGUMU LA UDONGO

Mlio unaosikika jioni ni wa dume anayeita jike. Huutoa kwa kusugua bawa moja la juu dhidi ya jingine. Nyenje wengi hufanya hivyo, lakini chenene amewazidi kwa jambo moja: hujenga chombo cha kukuza sauti. Dume huchimba mlango wa shimo lake ukawa mpana nje na mwembamba ndani, kama baragumu, na mwisho wake hufanya chumba kidogo cha mviringo. Hukaa humo kichwa kikiwa ndani na mkia ukielekea nje, kisha hulia. Kuta zilizosawazishwa za shimo huitoa sauti ikiwa kubwa kuliko mwili wake mdogo ungeweza peke yake.

Mwaka 1970 mtafiti Mwingereza Henry Bennet-Clark alieleza jambo hili baada ya kuchunguza chenene wa mashamba ya mizabibu nchini Ufaransa. Shimo la aina hiyo lilikuwa na midomo miwili ya baragumu iliyokaa sambamba, na mlio wake uliweza kusikika na mtu aliye umbali wa mita 600 wakati wa jioni tulivu. Aina nyingine zimeonekana zikilia kidogo, zikinyamaza, zikirekebisha udongo na kujaribu tena, mpaka shimo lipatane na sauti.

Majike wanaoruka husikia mlio huo na kushuka karibu nao. Mlio wenye nguvu huvuta majike wengi zaidi, na udongo wenye unyevu husaidia kuukuza, kwa kuwa kuta za shimo hazibomoki. Hii ndiyo sababu milio huongezeka usiku unaofuata mvua. Kwa mkulima, mlio ni taarifa ya bure: humwonyesha ni upande gani wa shamba chenene wamekaa, na kwamba majira ya kutaga mayai yamekaribia.

UZAZI NA UKUAJI

Baada ya kupandwa, jike huchimba chumba chini ya ardhi na kutaga humo mayai mengi kwa pamoja. Katika mashamba ya mpunga ya Asia, chenene wa huko hutaga mayai 30 hadi 50 katika chumba kimoja, nayo huanguliwa baada ya siku 15 hadi 40 kwa kutegemea joto. Chenene wa Ulaya huyalinda mayai yake na kuyasafisha yasishikwe na ukungu, malezi ambayo ni nadra kwa wadudu.

Watoto wanaotoka hufanana na wazazi wao isipokuwa hawana mbawa. Kwa Kiswahili hatua hiyo huitwa tunutu, kama ilivyo kwa nzige. Hawapitii hali ya kiwavi wala ya bundo. Hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa, na vijichipukizi vya mbawa huongezeka kila wanapojivua. Ukuaji huo huchukua miezi kadhaa. Nchini Afrika Kusini, ambako chenene wa Afrika amechunguzwa kwa sababu ya uharibifu wake kwenye nyasi za viwanja, imeonekana kuwa ana kizazi kimoja kwa mwaka, na kwamba utagaji huanza mwezi Oktoba mvua zinapofika.

Jambo la kuzingatia ni hili: tunutu wachanga hukaa karibu na uso wa ardhi, ni dhaifu na hawawezi kuruka, kwa hiyo hudhibitiwa kwa urahisi. Chenene mzima hushuka chini upesi, huruka, na huweza kuhama shamba kwa usiku mmoja. Anayengoja mpaka uharibifu uwe mkubwa amekwisha kupitwa na wakati ulio bora.

CHAKULA CHAKE NA MADHARA YAKE

Chenene hula mimea na wadudu pia. Hula mizizi, mbegu zinazoota, mashina machanga na viazi. Lakini vilevile hula minyoo, mabuu na wadudu wengine wa udongoni, na pengine hata wenzake wadogo. Kutokana na hali hiyo chenene wachache katika shamba lenye mimea iliyokomaa hawaleti hasara ya kutajika. Njia zao huingiza hewa na maji ardhini, nao wenyewe ni chakula cha ndege na wanyama wengi.

Hasara hutokea mimea inapokuwa michanga. Mche hupata madhara kwa njia mbili: mizizi yake huliwa, au udongo unaoushikilia huinuliwa na mizizi ikabaki hewani na kukauka jua linapochomoza. Mara nyingi hasara ya pili ndiyo kubwa zaidi. Mazao yanayoathirika ni mboga za kitaluni, vitunguu, viazi, mahindi machanga na mpunga wa nchi kavu. Katika mpunga wa majarubani chenene hawezi kukaa palipofurika, lakini huishi kwenye kingo na kwenye vichuguu vilivyobaki juu ya maji, na kutoka hapo hukata miche iliyo karibu.

Viwanja vya nyasi navyo huathirika. Nyasi zilizolegezwa mizizi hukauka kwa mabaka, na ardhi yake huwa laini ikikanyagwa. Kwa wanaotunza bustani za ofisi, viwanja vya shule na viwanja vya michezo, ikiwa ni pamoja na mahali pa mikutano mikubwa kama Uwanja wa CCM Kirumba, inafaa dalili hizi zitafutwe kabla nyasi hazijafa, na si baada ya hapo.

JINSI YA KUMTOFAUTISHA NA WAHARIBIFU WENGINE

Si kila mche uliolala umeangushwa na chenene, na tiba ya ugonjwa usiojulikana ni hasara mara mbili. Sota, yaani kiwavi mkata miche, hukata shina sawasawa na uso wa ardhi, wala haachi mistari iliyoinuka. Ukifukua kando ya mche utamkuta amejikunja. Mchwa huacha udongo ulioshikamana kwenye shina na hupenda mmea uliodhoofika. Fuko huacha malundo makubwa ya udongo, na panya huacha matundu yaliyo wazi na alama za meno. Chenene huacha tuta jembamba lililopindapinda lenye upana wa kidole, na mche wake hung'oka kwa urahisi ukivutwa.

Ipo njia rahisi ya kuhakikisha. Changanya vijiko vikubwa viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 4 hadi 8 za maji, kisha mwagia taratibu sehemu yenye mistari mipya, yenye ukubwa wa kama sentimita 60 kwa 60. Kazi hii ifanywe asubuhi mapema au jioni, udongo ukiwa na unyevu. Kama chenene wapo, watatoka juu katika muda wa dakika kama 3, nao waweze kuhesabiwa. Asipotoka hata mmoja katika sehemu mbili au tatu, basi mharibifu ni mwingine.

KWA NINI DAWA ISITANGULIE

Tabia ya kumwaga sumu katika mashimo ya chenene haifai, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, haifiki penye mdudu. Mashimo yana matawi mengi, na chenene mzima huzama chini mara anapohisi mtikisiko au harufu. Sumu nyingi hubaki katika udongo wa juu, penye mizizi ya mboga zitakazoliwa baada ya wiki chache.

Ya pili ni ziwa. Bustani nyingi za mwambao zipo juu ya udongo wa kichanga, ambao haushiki maji, na mvua kubwa ya mara moja hutosha kuteremsha ziwani kilichomwagwa jana. Maji yanayotumiwa mjini Mwanza hutoka katika ziwa hilo hilo, na watu wengi wa visiwani huyachota moja kwa moja ufukoni. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kuingizwa kwa samaki wa Ziwa Victoria katika nchi zake, baada ya taarifa kwamba baadhi ya wavuvi ziwani walikuwa wakitumia viuatilifu kuvulia. Pigo hilo halikuwapata wakosaji peke yao. Liliwapata wavuvi wa sangara wa nchi zote tatu zinazopakana na ziwa, wafanyakazi wa viwanda vya minofu na familia zao. Kwa mji ambao mwalo wake wa Kirumba ni soko kuu la dagaa na samaki, funzo hilo halistahili kusahauliwa.

Ya tatu ni historia ya dawa zenyewe. Nchini Marekani, chenene wa kigeni waliwahi kudhibitiwa kwa klodani, sumu inayodumu udongoni miaka mingi. Ilipopigwa marufuku, chenene walirudi kwa wingi, maana maadui wao wa asili hawakuwapo. Klodani, pamoja na aldrini na dieldrini, imo katika orodha ya kwanza ya sumu zilizodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama. Mwananchi anayeuziwa kwa siri chupa isiyo na lebo hawezi kujua amenunua nini.

Pamoja na hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bustani iliyo ndani ya mita hizo ina suala la kisheria hata kabla ya suala la chenene.

NJIA ZINAZOFAA

Zipo njia ambazo hazina gharama kubwa, na zikitumiwa kwa pamoja hutosha katika bustani nyingi.

Kulima kabla ya kupanda. Udongo ukipinduliwa siku kadhaa kabla ya kupandikiza, vyumba vya mayai hubomolewa na tunutu huachwa juani. Kuku wakiruhusiwa kupita nyuma ya jembe humaliza kazi hiyo vizuri.

Kusawazisha na kufurika jaruba. Katika mpunga, jaruba lisawazishwe lisibakize vichuguu juu ya maji, na kingo zifyekwe. Maji yakishikiliwa kwa siku chache baada ya kupandikiza, chenene hukimbilia kwenye kingo, ambako huokotwa kwa mkono.

Kutega kwa chombo. Kopo au chupa pana iliyokatwa juu hufukiwa mpaka mdomo wake ulingane na uso wa ardhi, ikiwezekana kando ya mstari mpya. Chenene anayetembea usiku hutumbukia na hawezi kupanda kuta zinazoteleza. Chombo kikaguliwe kila asubuhi.

Kuangalia samadi. Samadi mbichi yenye unyevu na joto huweza kuwavutia wadudu hawa. Itumiwe iliyooza vizuri tu. Kwa upande mwingine, lundo dogo la samadi mbichi lililowekwa makusudi kando ya bustani huwa mtego. Baada ya siku kadhaa hufukuliwa na waliomo huuawa.

Kuzungushia miche. Mche wa nyanya au kabichi unaweza kukingwa kwa pete ya bati, ya plastiki au ya kipande cha chupa, iliyozamishwa sentimita chache ardhini, mpaka shina likomae.

Kupunguza mwanga. Taa inayowaka usiku kucha juu ya kitalu huita chenene kutoka mbali. Ikiwezekana izimwe katika usiku wa mvua, au ielekezwe kwingine na kuwekewa beseni la maji chini yake.

Ikiwa baada ya hatua hizo hasara bado ni kubwa, mwananchi amwone afisa ugani wa kata kabla ya kununua dawa yoyote. Viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha.

MAADUI WAKE WA ASILI

Chenene hakosi wa kumpunguza. Kwarara huchoma mdomo wake mrefu uliopinda katika nyasi zenye unyevu na kumtoa shimoni. Yangeyange humnyakua anapojitokeza. Nguchiro, vyura na kenge humla pia. Mtu anayewafukuza kwarara kwenye kiwanja cha nyasi kwa sababu wanatoboa ardhi hufukuza walinzi wake.

Yupo pia nyigu wa jamii ya Larra, ambaye ni adui wa chenene peke yake. Nyigu huyo jike humfuata chenene hadi ndani ya shimo, humtoa nje, humchoma mwiba na kumlegeza kwa dakika chache tu. Katika muda huo hubandika yai moja chini ya mwili wake na kuondoka. Chenene huzinduka, hujichimbia ardhini na kuendelea na maisha, huku yai likianguliwa na buu likimla taratibu kutoka nje mpaka afe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyigu wa aina hiyo walichukuliwa Bolivia na kupelekwa katika jimbo la Florida, Marekani, na minyoo midogo ya udongoni ilichukuliwa Uruguay kwa kazi hiyo hiyo. Wadudu hao na minyoo hiyo walienea, na chenene wa kigeni wakapungua sana bila sumu. Nyigu waliokomaa huishi kwa asali ya maua, kwa hiyo kuacha maua ya porini kandokando ya shamba ni kuwatunza.

Jinsi chenene hao walivyofika Marekani nako kuna somo kwa watu wa mialo na bandari. Inaaminika kuwa walishuka katika bandari ya Brunswick, jimbo la Georgia, karibu na mwaka 1899, ndani ya udongo uliobebwa na meli kama uzito wa kuziimarisha. Mitumbwi na meli zinazotoka Kirumba kwenda visiwani hubeba miche, mchanga na samadi. Inashauriwa miche iliyo katika vifuko vya udongo ikaguliwe kabla ya kupakiwa, na udongo usihamishwe pasipo sababu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Watendaji wa mitaa na kata wanaombwa kuwaeleza wananchi habari hizi katika mikutano ya kawaida, hasa kabla ya mvua za vuli. Walimu wa shule zenye bustani wanaweza kulifanya jaribio la sabuni kuwa somo la vitendo. Maafisa ugani wanakumbushwa kumtambua mdudu kwanza ndipo watoe ushauri. Wenye maduka ya pembejeo wanakumbushwa kutouza dawa isiyosajiliwa, wala kupima dawa katika chupa za soda.

Wananchi nao wakumbuke kuwa chenene si mgeni katika mwambao huu. Katika nchi ya Uingereza, chenene wa huko amekuwa nadra kiasi cha kulindwa, baada ya ardhi yenye unyevu kukaushwa na kulimwa. Hapa bado analia kila jioni ya mvua. Kinachotakiwa ni kumzuia asiingie katika kitalu wakati miche ingali michanga, na kumwacha aendelee na kazi zake mahali pengine. Miche ikishakomaa, mkulima na chenene huweza kuishi katika ardhi moja. Lakini sumu ikishafika ziwani, hakuna afisa wala mkulima awezaye kuirudisha shambani.